Wimbo ya Sita mu Carte ya Eliane

Kamati ya nizamu ya kanisa yetu inakutanaka kila mercredi, saa nane, mu chumba ya nyuma yenye tunawekaka ngoma na viti vyenye kuvunjika. Tuko batu batatu. Muzee Ézéchias njo président. Mwalimu Timothée, mwenye alifundisha mu primaire miaka makumi tatu, njo anaandika barua. Wa tatu ni mimi, Koko Berthe. Banichaguaka kila mwaka juu bamama wengine banasema hawana saa.

Ile mercredi tulikuwa na kazi moja tu: kusikiliza album.

Sheria yetu ni hivi. Mutu wa kwaya akitosha album yake peke, anapashwa kupeana moja kwa kamati, tuisikilize. Zamani balikuwa banaleta kaseti. Leo banaleta carte ya simu ya kuweka nyimbo, kadogo kama ukucha, na bazee tunaishika kwa vidole viwili kama chawa, tunaongopa isianguke. Carte ya ile siku ilikuwa ya Eliane, mutoto wa binti yangu. Nililomba nitoke inje, juu ni damu yangu. Ézéchias akasema:

«Ukitoka, tunabaki wawili. Mimi nikisema ndiyo na Mwalimu akisema hapana, nani atatutenganisha? Kaa, mama.»

Nikakaa. Na nikaapa tena, sawa tunaapaka wote: yenye inasemwa mule chumba haitoki mupaka président mwenyewe aifungue.

Timothée akaingiza carte mu radio yake. Wimbo ya kwanza, muzuri. Ya pili ni ya Kinande na gitare moja, nikasikia machozi karibu. Ya tatu, ya ine. Mu ya tano Eliane anaacha kuimba, anaanza kusema maneno haraka haraka, sawa batoto wa rap. Timothée akakunja uso, lakini niliona mguu ya Ézéchias chini ya meza: ilikuwa inatembea yake yenyewe.

Kisha ikakuja ya sita.

Ilianza na ngoma nzito, kama mutu anatwanga muhogo na hasira. Sauti ya mwanamuke ikaingia, nzito pia, ikasema Lingala: «Mbeto ezali malili.» Mimi Lingala yangu ni ya soko tu. Timothée yake ni ya kweli, alifanya miaka mbili Kisangani. Akaanza kututafsiria polepole, uso inabadilika kwa kila neno.

«Anasema… kitanda ni baridi. Anasema… chef, nirudishie bwana.»

Na akazima radio kwa mukono muzima.

«Bwana ya nani?» Ézéchias akauliza.

«Sijuwe ni ya nani, muzee! Ya mutu! Mutoto mwanamuke mwenye hajaolewa anaimba kitanda, anaimba bwana ya batu!»

«Ile sauti haiko ya Eliane,» nikasema.

«Mama Berthe, mashini ya leo inageuza sauti. Hata mimi banaweza kunigeuza binti wa miaka kumi na tano.»

«Bakugeuze basi, tutakupatia bwana,» Ézéchias akasema, lakini hakucheka murefu. Kazi ilikuwa mubaya. Tulijua wote.

Juu mutu akitiwa mu nizamu, hakuna kwaya, hakuna meza ya Bwana, na hakuna ndoa ya kubarikiwa. Na Eliane alikuwa anaolewa na Ariel kisha majuma tatu. Bazazi wa Ariel balishuka kutoka Kipese na mbuzi zao zote, tukazipokea na vigelegele. Matangazo ya ndoa ilipashwa kuanza kusomwa ile dimanche ingine. Timothée akaandika mu cahier: Eliane ataitwa mercredi yenye inakuja. Kama wimbo ya sita ni yake, nizamu miezi sita.

Nikanyoosha mukono.

«Munipatie carte niende nayo. Kama tunahukumu, mutu mumoja asikilize mupaka mwisho.»

«Mwisho ya nini?» Timothée akauliza. «Wewe ukikuta inzi mu supu, unamaliza supu?»

«Hapana, Mwalimu. Lakini naitosha na naangalia ilipitia wapi.»

Ézéchias akanipatia carte mu kikaratasi ya kukunja. Nikaifunga mu kitambala, ku ncha, kwenye natiaka vitu vya kuongopa kupoteza.

Asubuyi ya kesho, Eliane alikuwa ameenda ku masomo yake ya kufundisha batoto ba maternelle. Nikaingiza ile carte mu simu yangu, nikakaa ku mulango na kapu ya maharagi ya kuchagula. Nilianza na ya sita. Mara hii hakuna mutu wa kuzima.

Sitasema uongo: ile wimbo ni muzuri. Ile mama anaimba kama mutu anasukuma mulango yenye imefungwa na mawe. Niliiweka mara tatu. Nilikamata mbeto, malili, mokonzi, ingine mingi ilinipita, na kisha anaanza kutaja siku za juma, moja moja, kama anazihesabu ku vidole.

Kisha nikaacha simu iende.

Ya saba ni mwanaume! Mwanaume wa rumba, sauti laini kama mafuta ya mawese, na magitare inakimbizana dakika kenda. Kati kati anaanza kuita majina ya bakubwa, docteur huyu, honorable ule, sawa mutu anaita appel mu classe. Ya munane, kijana wa rap anasema Swahili yetu ya hapa na Kifaransa, anasema barabara yake inakula bapita-njia, na mvua, na umeme yenye inaenda bila kuaga. Nikasema kumbe hawa batoto banaonaka. Ya kenda haina maneno karibu; iko ngoma moja inazunguka, inazunguka, mupaka nikakuta nimeacha kuchagula na nachezesha maharagi mu kapu. Ya kumi, baba mumoja analia mbele ya Mungu kwa Lingala, dakika kumi na ine, na batu elfu banalia nyuma yake. Ya kumi na moja ni kwaya yenye magitare ya zamani, sawa zile tulikuwa tunacheza tukiwa babinti ku Kasugho. Zilikuwa kumi na saba zote.

Maharagi ilibaki na mawe yote ndani, lakini kichwa yangu ilikuwa imeanza kazi. Eliane ni mutu mumoja. Namna gani mutu mumoja anatosha album yenye iko na rumba, rap, machozi, na mwanaume wa majina? Kuna kitu.

Kumuuliza, siwezi. Niliapa. Lakini kutega kitendawili, hakuna kamati yenye ilikataza.

Jioni tulikuwa tunakata sombe, majani ya muhogo, yeye na mimi, sahani kati kati yetu.

«Kitendawili,» nikasema.

«Koko naye! Tega.»

«Nimezala bila kulala hospitali. Batoto yangu hawakule, hawavae. Kila mumoja anaingia mu nyumba ya batu bila kupiga hodi, na bado hajatoka kwangu.»

Akawaza kidogo, kisu juu. «Ni… harufu ya chakula?»

«Hapana. Unipatie mugini.»

«Nakupatia Butembo.»

«Butembo ni kubwa sana, nitachoka nayo. Unipatie Kalunguta.»

«Aya, Kalunguta, na mbuzi zake.»

«Nilienda Kalunguta, nikakula vizuri, nikarudi. Ni nyimbo. Mutu anaizala, inaenda kwa batu, na bado iko mu kinywa yake.»

«Ile ni ngumu, koko, ulinishinda.»

«Na wewe, bako batoto bangapi mu ile album yako?»

«Batano,» akajibu, bila kuinua macho. «Studio ilinimaliza. Nilitaka kumi, nikafikia tano. Juu ya nini?»

«Juu ya kitendawili.»

«Koko, kitendawili ilikuwa imekwisha.»

«Kata sombe.»

Tano. Kamati ilisikia sita. Ile usiku nililala vizuri, mais asubuyi nikakumbuka Timothée: atasema mutu mwenye kosa anahesabuka vile anapenda. Neno ya Eliane haitatosha. Nilikuwa na lazima ya kujua zile ingine kumi na mbili zilipitia wapi.

Carte zote za mutaa wetu zinatoka kwa Nadège. Iko na kibanda karibu na soko, ordinateri moja, kiti moja, na batoto wake mapacha banalala chini ya meza. Batu banamuletea carte, anabatilia nyimbo. Nilifika vendredi, siku mubaya, juu vendredi njo album za mupya zinatokaka na batu bako wengi. Mumoja analomba rumba, mwingine drill, mama moja analomba «ile ya kulia ya mupya». Nadège anasikia wote, mikono inaenda.

«Wavukire, Koko Berthe! Leo unataka kucheza?»

«Wavukire. Nataka kuuliza. Nani aliweka ile carte ya Eliane?»

«Ni mimi. Kuna nini? Haiimbe?»

«Inaimba sana. Inaimba mara kumi na saba.»

Akacheka. «Donc?»

«Donc Eliane alizala batano.»

Nadège akaacha mashini kidogo, akanigeukia kama mwalimu.

«Koko, sikia. Carte moja inaingiza nyimbo mamia. Mutu akikuya analomba album ya Eliane, nikimupatia tano peke, atapiga kelele hapa, atasema nimemuibia, carte iko tupu. Basi najaza. Natia vya mupya vya ile juma, kidogo ya kila namna, juu sijuwe anapenda nini. Na juu ya folda naandika jina ya album yenye alilomba. Wote tunafanyaka vile, hapa na Beni.»

«Sisi tulijua kaseti. Mutu mwenye iko ku picha, njo anaimba mupaka mwisho.»

«Eee, koko! Folda haina picha!»

Batu bote ba kibanda bakacheka, na mimi pia. Nikaona sisi batatu mu kile chumba, na sheria, na cahier, tunashika kile kiukucha na tunadhani ni kaseti. Nikamusikilizisha ya sita, kidogo tu, ku sikio.

«Ile ya kitanda! Batu banaipenda, koko, sana. Jina haina. Mwenyewe alikuya hapa na simu yake, akaniambia: tia, mais usiandike jina.»

«Mwenyewe nani?»

«Mama moja wa Beni. Anachomaka mandazi pembeni ya soko ya Kilokwa. Mwembamba, anasema Lingala ya chini kule. Anakuyaka kununua unga.»

«Nadège, mwanangu, utakuja mercredi, uelezee kamati maneno ya kujaza?»

Hapo uso yake ikafunga. Akachukua carte ya mutu mwingine, akaiingiza.

«Kamati ile yenu?»

«Ndiyo.»

«Ile yenye ilinitia mu nizamu mwaka jana juu nilifungua kibanda dimanche? Nikija kusema, nani ataniamini? Mwalimu Timothée? Na barua yangu, koko, ilikuwa na sinyatire tatu. Ya tatu niliisoma vizuri.»

Ya tatu ilikuwa yangu. Nikamuambia asante kwa Kinande, «Wasingya, mwanangu,» nikatoka.

Samedi nikapanda voiture ya Beni. Eliane aliuliza naenda wapi, nikasema naenda kununua mandazi. Akasema koko, hapa mandazi haiko? Nikasema hapana yenye naitaka. Tulipita Maboya, tukapita Kalunguta. Ku kizuizi basoldats balitazama carte za électeur yetu na bakaturudishia, na kwa saa ya batu kutoka mu ibada ya Baadventiste nilikuwa ku Kilokwa.

Kumupata haikuwa kazi. Mama mwembamba, kitambala ya bleu, karai kubwa ya mafuta mbele yake. Nikanunua mandazi nne, nikalomba kiti. Akanipatia kibidon ya kugeuza.

«Mama, jina yako?»

«Josée. Na mama anatoka wapi?»

«Butembo.»

«Butembo yote kuya kula mandazi yangu?» Akacheka, meno muzuri. «Basi nimekuwa mukubwa.»

Nilidhani njia ya mufupi njo muzuri. Nikatosha simu, nikaanzisha ya sita. Ngoma ilipiga mara mbili tu, na mukono yake yenye unga ikafika juu ya simu yangu kama mwewe.

«Zima! Mama, zima!»

Akatazama kushoto, akatazama kuume, ku barabara kwenye basoldats walikuwa banapita wawili wawili.

«Nani alikutuma?»

«Hakuna. Nilikuya yangu.»

«Bamama wa Butembo hawakuyake yao bure.»

«Ni kweli. Nimekuya na tatizo. Mais tatizo haiko yako, ni ya mujukuu wangu.»

Nikamuelezea yote, kamati, carte, radio yenye ilizimwa. Siri haikuvunjika, nilijisemea, juu Josée haiko wa Butembo na hajue Eliane. Alisikiliza na anageuza mandazi, na kufikia neno ya «bwana ya batu» akainua uma.

«Bwana ya batu? Bwana yangu mimi!» Akashusha sauti. «Gustave yangu. Adjudant. Tulikuya hapa kutoka Mbandaka mu ile mutasyo ya mwisho, ya kuhamisha basoldats. Balimupeleka mbele huko, bakasema majuma mbili. Sasa ni miezi munane. Mu wimbo nasema: lundi nalomba chef, mardi nalomba chef, mercredi nalomba, na wewe chef unalala na wako kila usiku, nirudishie wangu. Njo wimbo muzima. Hawakufikia hapo?»

«Balizima mbele.»

«Bazee ya kanisa!» akasema, na akafyonya.

«Josée, uniandikie karatasi kidogo. Mustari mbili. Kwamba wimbo ni yako.»

Akatingisha kichwa kabla sijamaliza.

«Hapana, mama. Mu wimbo nimeita chef, na chef iko mutu, iko na masikio. Jina yangu ikitoka, kesho banajua ni bibi ya nani. Gustave iko mu mikono yao. Niliiimba juu ilikuwa inanichoma hapa,» akagusa kifua, «haiko juu ya jina.»

Niliona ile karatasi mu kichwa yangu, inaenda kutoka kwa Timothée kwa mutu, kwa mutu, mupaka ifike kwenye haipashwi. Nilikuwa nimekuya kuokoa mutoto wangu na kitu chenye kinaweza kuua bwana ya mwingine. Nikamaliza ndazi ya pili.

Ni yeye alianza tena.

«Ule mutoto wako. Anaimbaka namna gani?»

«Unataka kusikia?»

«Ndiyo. Tuko mu folda moja, hapana?»

Nikamuwekea ya pili, ile ya Kinande. Kinande haisikie hata neno moja. Alisikiliza na macho yamefungwa, mandazi yanaanza kuwa nyeusi, mama mwenye alikuwa anangoja akamuita mara mbili. Ilipokwisha akasema: «Anaimba nini pale?»

«Anaaga nyumba ya mama yake.»

«Aye.» Akatosha mandazi ya kuungua, akayatupa pembeni. «Anapashwa kuolewa, huyu. Bon. Jina, hapana. Mais sauti, naweza kukupatia. Simu yako inakamata sauti?»

«Inakamata, mais mimi sijuwe kuifungua.»

Akaifungua yeye. Akaiweka pembeni ya karai, akafuta mikono, na pale pale, bila ngoma, bila mashini, akaimba, kwa ile tuni ya wimbo ya sita, couplet, ubeti yenye haiko mu carte yoyote:

*Koko ya Butembo alikuya na vumbi ku miguu,*
*ananiuliza jina, namupatia ndazi.*
*Jina yangu niliifunga mu begi ya mutu mwenye iko mbali;*
*siku anarudi, atanifungulia.*

Mama wa kungoja akasahau mandazi yake. Nami nilikuwa na miaka sabini na mbili, hakuna mutu alikuwa ameniingiza mu wimbo.

Mercredi, saa nane. Eliane alikuwa ameitwa; barua ilimufikia dimanche jioni. Alikaa ku banc ya inje na barua yenye muhuri ku magoti, uso ya majivu. Asubuyi alinililia: «Koko, wewe uko mule ndani, niambie nimefanya nini!» Na mimi nikamwambia avae viatu. Ile neno inaniuma mupaka leo.

Ndani nikaeleza. Kujaza. Folda. Vendredi. Timothée akauliza nani aliniambia. Nikasema ni mutu wa kazi ile. Akauliza ni Nadège. Nikasema ni Nadège. Akaweka kalamu chini. Ézéchias akatazama dari.

«Kuna ingine,» nikasema, na nikaanzisha simu.

Couplet ilikuwa mufupi, ikaisha. Timothée akanyoosha kidole: irudi. Ikarudi. Akasogeza sikio yake mupaka ikagusa kioo.

«Kuna kitu kinalia nyuma. Shhhh, vile. Ni nini?»

«Ni mafuta. Anachoma mandazi.»

«Kwa hiyo haiko studio.»

«Ni pembeni ya soko, Mwalimu. Mashini yake ni karai.»

Akafungua begi yake, akatosha radio, akaingiza ile carte, akafika ku ya sita yeye mwenyewe. Mbeto ezali malili. Kisha simu. Kisha radio. Kama mutu anapima nguo mbili kama zinatoka ku kitambala moja.

«Ni mutu mumoja,» akasema.

«Na haiko mutoto wetu,» Ézéchias akasema. «Koko ya Butembo alikuya na vumbi… Eliane hawezi kuimba koko yake mwenyewe anafika kwake mugeni. Ule mama ni nani?»

«Jina sina.»

«Unalo.»

«Ninalo, muzee. Na sitaipeana hata munitie mimi mu nizamu.»

Muzee Ézéchias ni mutu mwenye anapenda vitu viandikwe. Timothée naye alikuwa bado hajazima radio. Wimbo ilikuwa inaenda yake, imefika kwenye juma. Akaanza kututafsiria bila mutu kumulomba, sauti chini: «Lundi ninalomba chef… mardi ninalomba… Wewe, chef, unalala na wako kila usiku, nirudishie wangu.» Akatosha miwani.

«Ni bibi ya soldat,» akasema.

Wimbo ikamalizika, rumba ya ule bwana wa majina ikaanza, na ni Ézéchias aliyeizima, kwa kidole moja.

«Andika, Mwalimu. Wimbo ya sita haiko ya Eliane. Jina ya mwenye kuimba, kamati haikuuliza.»

«Tuliuliza, muzee.»

«Andika hatukuuliza.»

Timothée akaandika. Kisha akaniuliza, kalamu bado mu mukono, kama ile mama iko na zingine. Nikasema sijuwe, nitauliza. Akasema hapana, ni kuuliza tu.

Bakamuita Eliane. Aliingia na akasimama karibu na ngoma, barua mu mukono.

«Mutoto,» Ézéchias akasema, «album yako iko na nyimbo ngapi?»

Eliane akanitazama. Nikatazama kiti ya kuvunjika.

«Tano, muzee.»

«Tumesikia vile pia. Ile ya tano unasema haraka sana, bazee hawakufwata. Enda na amani.»

«Ni hiyo tu?»

«Ni hiyo tu.»

Inje alinikamata mukono na nguvu ya mutu mwenye hakulala siku tatu.

«Koko! Banaita mutu na muhuri, analia siku tatu, juu ya kumuuliza hesabu?»

«Nilikukosea, mwanangu. Kuna yenye nilijua na sikuweza kusema. Siku ingine Muzee akinifungulia kiapo, nitakuelezea yote.»

«Dimanche banasoma majina yetu?»

«Banasoma.»

Akaachilia mukono yangu. Akatosha simu, akaanza kushuka njia mbio, na nikasikia anapiga kelele, «Ariel! Ariel, sikia!», na vile alikuwa na furaha akasahau kuningoja.